Wiki ya 21 tunanunua nyumba Reading, Uingereza, solisita (wakili wa nyumba) kila siku "tunasubiri majibu". Imekwama wapi?

MamaWawili_RDG (mwanzisha uzi), 28 Julai 2025

Wakuu habari za jumatatu. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana nimechoka na sijui tena nimpigie nani.

Mimi na mume wangu tuko Reading mwaka wa 11 sasa, muda wote wapangaji. Tarehe 3 Machi ofa yetu ilikubaliwa, nyumba ya vyumba vitatu, zile za kushikana kuta, £335,000. Dalali akatuambia kwasababu nyie ndo mara ya kwanza kununua na muuzaji hanunui nyingine, yani hamna cheni, basi mwezi wa sita mko ndani. Tukaamini. Watoto wakaanza kugawana vyumba. Nafuu ya ushuru wa stempu (kodi ya kununua nyumba) tulishajua imetupita, mpaka tarehe 31 Machi mnunuzi wa kwanza alikuwa halipi kitu mpaka £425,000, toka 1 Aprili wameshusha mpaka £300,000 kwahiyo sisi tunalipa 5% ya zile £35,000 zilizozidi, ni £1,750. Hiyo tukameza.

Hela ya mwanzo, 10%, ni £33,500. Imetoka hivi: £14,000 ziko kwenye LISA yangu, ile akaunti ya akiba ya kununulia nyumba ya kwanza, pamoja na ile nyongeza ya serikali, £2,500 akiba ya mume wangu, £6,000 ni mchezo, tunacheza wamama kumi na mbili hapa Reading na zamu yangu ilikuwa Januari, na £11,000 kaka yangu alitutumia kutoka Dar baada ya kuuza kiwanja chake Kigamboni. Hela zote za halali, jasho la watu.

Sasa solisita. Imeili ninayotuma jumatatu inajibiwa ijumaa na jibu ni mstari mmoja, "tunasubiri majibu kutoka upande wa pili". Nikimpigia dalali ananiambia upande wa muuzaji walishamaliza, wanawasubiri nyie. Mpaka sasa sijui nani mkweli. Ripoti za kaunsili, maji na mazingira zimerudi toka Mei, safi. Mkaguzi alishapita, nyumba nzima. Benki imetoa ofa ya mogeji (mkopo wa nyumba) tangu 28 Machi na inaisha 28 Septemba. Na kinachoninyima usingizi zaidi, solisita alishavuta hela ya LISA, ilimfikia tarehe 20 Mei, na sheria yake ni manunuzi yakamilike ndani ya siku 90, nimehesabu kwa kalenda inaangukia 18 Agosti. Siku 21 zimebaki.

Mume wangu anasema tumuache huyu solisita tutafute mwingine, na kodi tunayolipa hapa ni £1,550 kwa mwezi anataka tutoe notisi kabisa ili tusije kulipa mara mbili. Mimi naogopa yote mawili. Mnasemaje?

KaraniWaZamani

Dada pole sana. Nimefanya kazi miaka 6 ofisi ya masolisita wa nyumba huku Leicester, sikuwa mwanasheria, nilikuwa yule anayefungua barua na kupanga mafaili, kwahiyo nakwambia nilichokiona kwa macho.

Kwanza NOTISI USITOE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Hapa England mpaka mtakapobadilishana mikataba hakuna aliyefungwa na chochote, muuzaji anaweza kuamka kesho akaongezewa £5,000 na mtu mwingine akauza, na wewe huna pa kudai hata senti uliyompa mkaguzi. Ofa kukubaliwa siyo mauziano. Watu wetu wanachanganya hapa kwasababu nyumbani ukishaandikishana mbele ya serikali ya mtaa na hela ikahesabiwa, umenunua. Huku ile miezi yote ya katikati ni maongezi tu. Notisi unatoa siku mikataba imebadilishwa, na unaomba siku ya funguo iwe mbele kidogo ili notisi yako itoshe au ikaribie kutosha. Kulipa kodi ya wiki tatu mara mbili inauma lakini kukaa hotelini na watoto inauma zaidi.

Pili, hilo jibu la "tunasubiri majibu" lisikuridhishe. Ofisini kwetu mtu mmoja alikuwa na mafaili mengi sana mezani, na faili linalofunguliwa ni lile ambalo kuna kitu kimeingia au kuna mtu amepiga simu. Majibu ya upande wa pili yakiingia kwa imeili siku ambayo mwenye faili yuko likizo, yanabandikwa kwenye faili na hakuna mtu anayejua kama yamekuja. Nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Kwahiyo dalali anaweza kuwa mkweli na solisita wako naye akawa anaamini anachosema.

Usiulize "tumefikia wapi". Muulize mambo matatu kwa maandishi: tunasubiri KITU GANI, kutoka kwa NANI, na mmekiomba TAREHE GANI. Kila kimoja kwenye orodha. Halafu mpigie dalali umsomee ile orodha, dalali hapati kamisheni yake mpaka nyumba iuzwe kwahiyo atakimbia kuliko wewe, naye amuulize solisita wa muuzaji vitu vilevile na tarehe zilezile. Zile orodha mbili zikikaa pamoja utaona tatizo liko meza gani.

Ofisi yoyote, kwenye faili la aina yako, kinachobaki baada ya ripoti za kaunsili ni maswali juu ya nyumba yenyewe na karatasi za hela zako. Kwa hela ulizotaja mimi nashuku ya pili.

Mzee_wa_Luton

Karani ameongea ukweli. Mimi Mkenya niko Luton, nilinunua mwaka jana, na kilichonichelewesha wiki 7 ni pesa ya chama. Kwa statement ya benki iliingia £4,800 siku moja kutoka kwa jina la mama mweka hazina wetu. Solisita akauliza huyu ni nani na kwa nini anakupa pesa. Nikajibu kwa simu, nikadhani imeisha. Haikuisha, alikuwa anataka karatasi na hakuniambia wazi, faili ikakaa tu.

Mwishowe tukaandika barua, wanachama wote wakatia sahihi, tukaeleza kila mtu anatoa ngapi kwa mwezi na nani alipokea mwezi gani, nikaambatanisha statement zangu zinazoonyesha mimi nikitoa £400 kila mwezi kwa mwaka mzima. Hapo ikapita siku mbili. Wasichokielewa wao ni kwamba ile pesa ni yako mwenyewe inakurudia, wanaona kama mkopo uliofichwa au zawadi. Ukiwaonyesha ilikotoka kwako ikiingia kwenye chama wanaelewa.

Na hii ya kaka yako Dar iangalie vizuri. Sheria ya mwaka 2017 ya kuzuia utakatishaji wa pesa inawalazimisha kuchimba zaidi pesa ikitoka nchi iliyo kwenye orodha ya hatari, na hiyo orodha inafuata ile ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa pesa. Sisi Kenya tuliwekwa Februari 2024. Nyinyi Tanzania mliwekwa Oktoba 2022 pamoja na Kongo, na mmetolewa mwezi uliopita tu, Juni. Kwa hivyo wakati kaka yako anatuma ile £11,000 mlikuwa bado ndani ya orodha. Si ubaya wake, si ubaya wako, lakini hiyo pesa iliwekwa kando ya zingine.

MamaWawili_RDG

Asanteni jamani. Mzee wa Luton umenishtua, maana kuhusu kaka waliniuliza mara moja tu mwezi wa nne, nikatuma barua ya zawadi aliyosaini kwamba hadai na hatakuwa na hisa kwenye nyumba, na kopi ya pasipoti yake. Wakakaa kimya, nikajua wameridhika.

Nimetuma imeili leo na maswali matatu kama Karani alivyosema.

Hasira_za_Haki

Mie namuunga mkono mumeo, fukuza. Wiki 21 ni dharau. Unamlipa mtu zaidi ya pauni elfu halafu anakujibu mstari mmoja? Nilibadilisha wakwangu mwaka 2022 sijutii.

KaraniWaZamani

Ndugu, ulibadilisha wiki ya ngapi? Kama ni ya nne au ya sita sawa. Yeye ana siku 21. Mpya ataanza na vitambulisho upya, karatasi za hela upya, lazima awe kwenye orodha ya masolisita ambao benki yake ya mogeji inawakubali, na wa zamani ana haki ya kushikilia faili mpaka alipwe kazi aliyokwishafanya. Halafu kuna hela ya LISA ambayo ipo kwenye akaunti ya wateja ya huyu wa sasa. Kwa hali yake kubadilisha ni kurudi mwanzo.

Kulalamika ndiyo, na kuna njia yake. Kila ofisi lazima iwe na utaratibu wa malalamiko na mtu anayeyapokea, jina lake liko kwenye barua ile ndefu ya mwanzo ambayo hatuisomi. Unaandika rasmi kwa huyo mtu na neno "malalamiko" liwepo kwenye kichwa cha barua, siyo kwa yule anayeshika faili. Wana wiki 8 za kukujibu. Wasipojibu au jibu lisikuridhishe unakwenda Legal Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko dhidi ya wanasheria, ni bure, na ana uwezo wa kuamuru upunguziwe ada au ulipwe fidia. Hii ni kwa masolisita na kwa wale wasio masolisita wenye leseni ya kazi ya nyumba tu, wote. Ila wiki 8 haziwezi kukuokoa kabla ya 18 Agosti, faida yake ni kwamba faili lililolalamikiwa rasmi linasomwa na bosi, na bosi akilisoma linatembea.

Hasira_za_Haki

Ilikuwa wiki ya 5. Nimekuelewa, kwa yeye nafuta ushauri wangu. Lakini dada barua ya malalamiko andika.

BintiMwera_LDN

Shoga yangu Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi. Yangu mie ilikuwa fleti mashariki ya London na hapo ushukuru yako ni nyumba, maana fleti ni ya lisi, yaani unaikodi kwa miaka mingi, kuna mwenye ardhi na kuna kampuni ya kusimamia jengo, na hao lazima watoe furushi la taarifa, ada za huduma, bima ya jengo, hesabu za miaka mitatu, matengenezo yanayokuja. Solisita wa muuzaji anaomba, muuzaji analipia, kampuni inakaa nalo inavyotaka. Langu wiki tisa. Muuzaji alichelewa kulipia kwa kuwa alitaka kuhakikisha kwanza mie niko serious. Mtu anayenunua fleti akisoma hapa, siku ofa inakubaliwa mwambie dalali lile furushi liombwe LEO na lilipiwe LEO.

Na wenzangu mnaotumia mpango wa kiislamu usio na riba, ongezeni muda, kwa sababu benki inanunua pamoja nawe na kuna mkataba wa ushirika na wa kukodi juu yake, na wengine wanataka wakili mwengine wa kujitegemea akueleze ndipo utie saini. Solisita asiyewahi kuifanya atajifunzia kwenye faili lako. Muulize mapema ameshafanya ngapi.

MamaWawili_RDG, 1 Agosti

Wakuu nimerudi na majibu. Nimesoma ile imeili mara nne.

Orodha ya solisita wetu ilikuwa na vitu viwili. Cha kwanza, muuzaji aliongeza jiko kwa nyuma mwaka 2009 na hakuna cheti cha kaunsili cha kuonyesha ujenzi ulikaguliwa ukakamilika, wakauliza tarehe 12 Juni na "bado wanasubiri". Cha pili, ushahidi wa chanzo cha hela ya kaka, yani alipataje kile kiwanja na mkataba wa kukiuza, "tulimuomba mteja". Mteja ni mimi. Sijawahi kuombwa! Nimepekua imeili zangu zote mpaka za takataka hamna.

Nikampigia dalali nikamsomea kama mlivyosema. Baada ya saa mbili akanirudia, solisita wa muuzaji amejibu lile swali la jiko tarehe 24 Juni. Amemtumia na nakala. Wiki tano majibu yako ndani ya faili letu na hakuna aliyeyafungua, kwasababu dada anayeshika faili alikuwa likizo na aliyempokea hakuambiwa. Jamani nimelia kwenye gari. Siyo kwa hasira hata, ni kwamba muda wote ule nilikuwa najiona mimi ndo msumbufu kwa kupiga simu.

Mkataba wa kaka ninao kwenye WhatsApp lakini ni wa kiswahili, una mihuri ya serikali ya mtaa na mashahidi wawili. Nifanyeje?

KaraniWaZamani

Dada wewe hukuwa msumbufu hata siku moja.

Jiko kwanza. Majibu yao bila shaka ni bima, ile ya kufidia endapo kaunsili itakuja kudai kwamba ujenzi haukuidhinishwa. Muuzaji analipia mara moja, haina mambo mengi. Tafadhali wewe wala mume wako MSIPIGE SIMU KAUNSILI kuuliza habari za hilo jiko, bima nyingi zinakataa kama kaunsili imeshatonywa. Kitu cha kujiridhisha ni mkaguzi wako, kama alisema jiko limesimama vizuri basi karatasi ndiyo iliyokosekana, siyo nyumba.

Mkataba wa kaka unahitaji tafsiri yenye uthibitisho, mtafsiri anaandika chini kwamba ni tafsiri kamili na sahihi, anaweka tarehe, saini na mawasiliano yake. Usitafsiri mwenyewe hata kama kiingereza chako ni kizuri kuliko cha mtafsiri, wewe ni mnufaika hawataikubali. Tuma vitu vitano KWA PAMOJA kwenye imeili moja: mkataba, tafsiri, statement ya kaka ikionyesha hela ya kiwanja ikiingia, statement ileile ikionyesha ikitoka kwenda kwako, na statement yako ikionyesha ikipokelewa. Mnyororo usiwe na pengo. Ukituma kimoja kimoja kila kimoja kinaanza foleni yake.

Mzee_wa_Luton

Na karatasi za mchezo tuma sasa hivi pia kabla hawajauliza. Kama wamesahau kuuliza leo watakumbuka siku moja kabla ya kubadilishana mikataba.

Hasira_za_Haki

Na ile nakala ya tarehe 24 Juni iweke vizuri, ndiyo ushahidi wa malalamiko yako.

MamaWawili_RDG, 7 Agosti

TUMEBADILISHANA MIKATABA LEO SAA TISA MCHANA. Mikono inatetemeka.

Barua ya malalamiko niliituma ijumaa ileile tarehe 1 na nakala ya tarehe 24 Juni ndani yake. Jumatatu asubuhi bosi wao alinipigia mwenyewe, akaomba radhi bila kuzunguka, akasema faili litakuwa kwake. Tafsiri ilitoka siku mbili, kaka alikwenda benki Dar kugongesha muhuri statement kwa foleni ya saa nzima juani, Mungu ambariki. Wamama wa mchezo wote kumi na mbili walisaini jumapili baada ya kanisa. Bima ya jiko muuzaji kalipa. Funguo ni ijumaa ijayo tarehe 15, siku tatu kabla ya LISA kufika mwisho.

Notisi ya nyumba tuliyopanga tumetoa leo hii hii. Bima ya nyumba mpya tumekata leo pia, bosi alisema toka mikataba ikibadilishwa hatari ni ya mnunuzi, ikiungua usiku huu ni yetu.

BintiMwera_LDN

Alhamdulillah! Sasa shoga nisikilize hapa usimame. Katika siku hizi ndipo wezi wanapovizia. Nilipokuwa natakiwa kutuma hela ya mwisho ilikuja imeili, jina la solisita wangu, saini yake, hata namba ya faili langu ipo, inasema tumebadilisha akaunti tuma huku. Nilikuwa nimeshafungua programu ya benki. Kilichonizuia ni mume wangu, kasema piga simu kwanza, nikapiga namba iliyokuwa kwenye barua ya karatasi ya mwanzo, si ile ya kwenye imeili, wakasema hatujabadilisha kitu. Zingelikwenda £28,000. Piga simu, wakusomee namba ya akaunti wao, kisha tuma pauni moja kwanza uulize imefika.

MamaWawili_RDG

Nimesoma hii nikamsomea mume wangu. Tumepiga, tumetuma £1, imefika.

Mgeni_Glasgow

Samahani kuingilia, mimi niko Scotland naanza kutafuta, haya yote yananihusu?

KaraniWaZamani

Nusu. Scotland ofa yenyewe inapelekwa na solisita toka mwanzo, na mawakili wanaandikiana barua mpaka wakubaliane, zile barua zikikamilika mmefungwa wote wawili. Ile hofu ya kupokonywa nyumba mwezi wa tano ni ndogo kuliko huku. Ila maana yake solisita unamtafuta KABLA ya nyumba. Na hela, iwe ya chama, mchezo au ndugu, wataiuliza vilevile, andaa karatasi sasa.

MamaWawili_RDG, 16 Agosti

Jana saa saba na dakika kumi dalali kapiga, hela imefika kwa solisita wa muuzaji, njooni mchukue funguo. Tumelala ndani bila kitanda hata kimoja, magodoro chini, watoto wamegombana vyumba mpaka saa sita usiku. Kaka tulimpigia video tukamtembeza, jiko lile la 2009 ndo amelipenda kuliko vyote.

Swali moja la mwisho. Nimeangalia HM Land Registry, ofisi ya usajili wa ardhi, leo asubuhi, nimelipa £7 kutoa nakala, bado jina ni la muuzaji. Niwe na wasiwasi?

KaraniWaZamani

Hapana. Ushuru wa stempu solisita ana siku 14 kutoka jana kuupeleka, baada ya hapo ndiyo anapeleka maombi ya usajili, na kabla ya funguo alishaweka kinga ya siku 30 za kazi ili mtu mwingine asijipenyeze katikati. Usajili wenyewe unaweza kwenda miezi. Wewe wiki ya kwanza ya Septemba mwandikie bosi maswali mawili: stempu imelipwa tarehe ngapi, maombi yamepelekwa tarehe ngapi na namba yake ni ipi. Halafu jiunge na Property Alert ya haohao Land Registry, ni bure, mtu yeyote akigusa hati ya nyumba yako unapata imeili.

MamaWawili_RDG

Nimeshajiunga. Na Septemba 1 nimeiweka kwenye simu, nitamwandikia asubuhi kabla ya kazi. Aliyeniuliza inbox habari za mtafsiri nitamjibu leo jioni, tukimaliza kufunga kitanda cha watoto.